Ekseli Mbili za Pijo 504

Watu wanaopenda kuendesha wanapojadili gari la kununua, mazungumzo huishia kwenye mizani: upande mmoja raha ya usukani, upande wa pili utegemeko na gharama, na mnunuzi akilazimika kupunguza huku ili aongeze kule. Peugeot 504, iliyozoeleka Kenya kwa jina la Pijo, inastahili usomaji wa makini kwa sababu fani yake huikwepa mizani hiyo kila inapowezekana, na isipowezekana hufanya uchaguzi wake waziwazi, kiasi kwamba msomaji anaweza kuvionyesha kwa kidole kilichotolewa na kilichopatikana.

Ubunifu wake umekolea kwenye springi. Sedani iliyozinduliwa mwaka 1968 ilikuwa na springi za koili pande zote nne, kila tairi ikijitegemea, tena zenye mwendo mrefu, yaani tairi hupanda na kushuka sana kabla chuma hakijagonga chuma. Ulaini huo hufanya kazi mbili kwa tendo moja. Dereva hupata gari lisilorushwa na shimo, na usukani unaoendelea kumweleza kilicho chini ya tairi hata kwenye changarawe yenye mawimbi. Bodi nayo husalimika, kwani pigo lililomezwa na springi halifiki kwenye maungio yaliyochomelewa, wala kwenye dashibodi, wala kwenye mgongo wa abiria. Kwenye kona gari hulala upande kwa kiasi cha kumshtua aliyezoea magari magumu, lakini ulalaji wake una mpangilio: huja taratibu, hufika kikomo, hutulia, na tairi zinaendelea kushika barabara. Dereva hupewa nafasi ya kuisoma kona akiwa ndani yake, na nafasi hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko kasi yenyewe.

Stesheni wagoni ni nuskha ya pili ya matini hiyohiyo, na ndiyo inayofichua fikra za waandishi wake, yaani wahandisi wa Peugeot. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uliongezwa kutoka milimita 2,740 hadi 2,900. Nyuma, mfumo wa kila tairi kujitegemea ukaondolewa, ikawekwa ekseli moja ngumu. Breki za diski za nyuma zikapisha za dramu. Hasara yake inasikika barabarani, maana shimo la kulia sasa huifikia tairi ya kushoto. Faida yake huonekana gari likipakiwa. Sedani ikibebeshwa mzigo mzito, mikono inayoshikilia tairi za nyuma hubadili pembe, tairi zikainama na kulika upande wa ndani. Ekseli ngumu huzisimamisha wima, awe dereva peke yake au na abiria waliojaza safu tatu za viti, kama ilivyokuwa kwenye Pijo za teksi zilizounganisha miji ya Kenya. Jambo linalonivutia zaidi, hata hivyo, ni lile ambalo waandishi walikataa kulifuta. Gari la mizigo la wakati huo lingeweza kabisa kutumia springi za bapa, ambazo ni rahisi na hazina makuu. Wao walibaki na koili, wakaziweka nne kwenye ekseli ya nyuma, mbili kila upande. Walitoa sehemu tu ya raha ili kununua uwezo wa kubeba, na wakajua pa kukomea.

Injini haina mbwembwe, wala haihitaji maelezo marefu. Bloku ni ya chuma, na slivu za silinda huchomolewa, hivyo zikilika fundi huweka nyingine pamoja na pistoni zake bila kupeleka bloku kuchongwa. Hapa ukarabatikaji umeshinda: injini ya sentimita za ujazo 1,971 iliyokuja mwaka 1970 huvuta kwa subira, na anayependa mizunguko ya juu hatashibishwa nayo.

Ubunifu huu ulipimwa pia kwenye mashindano: mwaka 1975 dereva Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa Coupé ya V6. Ushindi wa kwanza ndio ninaouthamini kama ushahidi, kwa kuwa ulipatikana kwa sedani, gari lenye umbo na mpangilio uleule aliokuwa nao daktari wa wilaya au mwenye duka.

Usomaji huu unampa mnunuzi wa leo swali lenye manufaa kuliko mizani: raha ya gari hili inatoka kwenye kipuri gani, na kipuri hicho kinalilinda gari au kinalichosha? Raha ya turbo, kwa mfano, hutokana na joto na shinikizo, na hulipiwa kwa oili safi na uangalizi usiolegea. Ni bei halali kwa anayeijua mapema. Raha ya 504 hutokana na springi zilezile zinazoitunza bodi, ingawa umri sasa umeongeza gharama zake, hasa spea za bodi, bila kusahau mafuta. Anayebeba mizigo na atafute wagoni. Anayependa usukani na atafute sedani, ila kabla ya kuuliza bei apapase tairi za nyuma upande wa ndani. Zikiwa zimelika huko kuliko nje, akague springi na mikono ya nyuma, na gharama ya kuvirekebisha ikatwe kwenye bei.