Maji ya Mwaka Ujao

Pampu ikizimwa, watu huanza kukunja viti. Fundi wa kupima kisima ndipo anapoinama.

Nilimkuta mmoja Kawangware, usiku, katika uwanja wa kanisa lililochimbiwa kisima kirefu. Jenereta ilikuwa imenguruma tangu usiku uliotangulia, saa 24 kamili, na ilipozimwa tukasikia tena mbwa na matatu za Naivasha Road. Mzee akateremsha utepe wake ndani ya bomba. Ncha ikigusa maji, kidude cha juu hulia. Akataja kina, msaidizi wake akaandika. Baada ya dakika moja, tena. Dakika ya pili, tena. Kisha ya tano, ya kumi, nusu saa.

"Mzee, si maji tumeshayaona?" nikauliza.

"Umeona ya leo, kijana wangu. Mimi natafuta ya mwaka ujao."

Maji ya mwanzo yana hila. Mengine yalikuwa yametuama tu ndani ya bomba, yakingoja kuvutwa. Pipa la lita 200 likijaa kwa sekunde 90, mwenye hesabu za haraka hupiga kelele: mita 8 za ujazo kwa saa, mitungi 400 ya lita 20! Kila mtu huiona foleni ya mitungi imekwisha, hapa Kawangware na kule Kibera, ambako baadhi ya mabomba yamepandishwa juu ya nguzo ili yasikatwe wala kuingiliwa na maji machafu. Fundi hashangilii. Hesabu hiyo ni ya sekunde 90 zile tu, na kununua kisima kwayo ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Anachokitaka ni mwendo: maji yanashuka kwa kasi gani yakivutwa, na yanapanda vipi yakiachwa. Nairobi imekalia mawe ya volkeno, tabaka juu ya tabaka, na maji hupenda kujificha kwenye maungio, pale uso wa ardhi ya kale ulipofunikwa na lava mpya. Hakuna jicho linalofika huko. Mwaka 1935 Mmarekani Charles Theis aliazima hesabu za jinsi joto linavyosafiri, akazitumia kwa maji ya ardhini. Mwaka 1946 Cooper na Jacob wakairahisisha kazi hiyo hadi ikawa mstari mnyoofu kwenye karatasi. Mstari ukipinda kuelekea chini, mwamba wenye maji umefika ukingoni, au jirani amewasha pampu yake. Mzee wetu alituma mtu akachungulie kwa jirani kabla ya kuulaumu mwamba. Ujuzi huo sijauona katika kanuni yoyote.

Wachimba mafuta wana swali hilohilo, kwa gharama kubwa zaidi. Wakikutana na mawe ya chokaa yaliyobana, husukuma tindikali kwa nguvu hadi mwamba upasuke, nayo ikatafuna kuta za ufa. Herman Frasch alipata hataza ya kutumia tindikali visimani tangu 1896. Ugumu ni kutabiri faida. Ufa hutaka kufumba kwa uzito wa ardhi iliyo juu yake, na hubaki wazi pale tu tindikali ilipotafuna bila usawa, mabonde kwa vilima. Mwaka 1973 Nierode na Kruk walitoa kanuni ya kukadiria hilo: mwamba umeyeyushwa kiasi gani, ni mgumu kiasi gani, na unabanwa kwa nguvu gani. (Mafuta ya Lokichar, Turkana, ambako kisima cha Ngamia-1 kiliyagundua 2012, yamo katika mawe ya mchanga, kwa hiyo ufundi huo si wa kwao.) Katika visima vya tindikali nako mchuruziko wa kwanza hudanganya, na kisima hupimwa upya kabla ya mtu kujisifu.

Namstahi mhandisi wa tindikali. Ila yule wa Kawangware namvulia kofia, kwa kuwa yeye hutangaza makadirio yake mbele ya watu waliochanga pesa zao. Alfajiri ile aliwaambia wazee wa kanisa wanunue pampu ndogo kuliko waliyoiagiza. Wakanuna. Akawaeleza polepole kwamba pampu kubwa itayashusha maji hadi ivute hewa, kisha iungue. Halafu akawaonyesha chupa ya sampuli aliyoijaza kabla pampu haijazimwa. Visima vingi vya Nairobi vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya kupeleka maabara ni haya ya mwisho, yaliyotoka mwambani kwelikweli.

Ewe uliye katika kamati ya maji ya mtaa wako, usitie sahihi kwa sababu umeona bomba likitapika. Omba karatasi ya vipimo, uisome hadi safu ya maji yanayorudi. Ukiikuta tupu, mwite fundi arudi na utepe wake.