Chumba Kilichojengewa Maji

Ukitaka kumpima fundi wa mbao wa Eastlands, usimpe kabati la sebuleni. Mpe bafu lisilotumika, lile lililo ndani ya chumba cha kulala, umwambie unataka kutundika nguo humo. Sebule humsaidia fundi: sakafu yake imelala sawa, kuta zake ni kavu, na kabati likishasimama limesimama. Bafu halimsaidii mtu. Kila kitu ndani yake kiliwekwa kwa ajili ya maji. Sakafu inateremka ili maji yaondoke, kuta zimevikwa vigae ili yasipenye, dirisha ni dogo na liko juu, na chini kuna tundu linaloelekea kwenye mabomba ya majitaka. Nguo zinataka kinyume cha hayo yote. Fundi anayeweza kuzihifadhi humo miaka nenda miaka rudi, bila harufu, bila ukungu na bila mende, amefanya kazi ninayoistahi kuliko milango mingi ya kuchongwa.

Mabafu haya hayakuachwa kwa uvivu. Katika mitaa ya zamani ya upande huu wa Nairobi, kuanzia Pumwani ya miaka ya 1920, familia nyingi ziliishi chumba kimoja au viwili, na bafu na choo vilikuwa nje, vya kushirikiana. Buruburu ilipoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, nyumba yenye maji ya bomba ndani ilikuwa hatua kubwa kwa familia ya mfanyakazi. Baadaye, Donholm, Komarock na katika maghorofa yaliyoota Umoja, chumba cha wazazi chenye bafu lake kikawa alama ya kufika. Lakini maji hayakufuata alama. Nairobi hutegemea sana bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na jiji limekua kuliko mabomba yake. Tangu mgao wa maji wa mwaka 2017, mitaa mingi imezoea kujua siku ya wiki kwa kufungua koki. Maji yakija huja kwa unyonge, na kupanda ghorofani ni shida. Basi watu huogea bafu moja, lililo karibu na mitungi, na lile la chumbani hugeuka stoo ya ndoo zilizopasuka na viti vya miguu mitatu.

Na wakati huo huo nguo zinaongezeka. Gikomba iko karibu, na mtumba mzuri haupitwi. Sare za shule, suti ya kanisa, kanzu ya Idi, vitenge vya harusi za ndugu: vyote vinagombania sanduku la bati la Kamukunji chini ya kitanda na begi la safari juu ya kabati. Mwenye nyumba mwenye akili huangalia mlango wa bafu lile na kujua kwamba ana chumba kizima kisichofanya kazi.

Fundi mzuri haji na mbao siku ya kwanza. Huja na fundi bomba, au huwa amejifunza kazi hiyo mwenyewe, kwa sababu kazi hii huanza kwa kufunga. Jambo la kwanza ni maji yanayoingia. Kufunga koki na kuziba ncha yake hakutoshi, kwa kuwa bomba litabaki limejaa maji ndani ya ukuta, nyuma ya nguo. Fundi hutafuta mahali ambapo bomba la bafu linachepuka kutoka bomba kuu la nyumba, akakata hapo na kuweka kizibo hapo. Kila mkazi wa Eastlands anajua sababu. Maji ya mgao hurudi usiku, yakisukuma hewa mbele yake, mabomba yakikohoa, na koki iliyosahauliwa wazi mchana hufurika watu wakiwa wamelala. Koki sampuli hiyo ikiwa nyuma ya makoti, utajua asubuhi.

Jambo la pili ni tundu la sakafuni, na hapa ndipo ninapomtambua fundi wa kweli. Chini ya tundu hilo bomba limepindwa kuwa mtego unaoshika maji kidogo, kina cha inchi mbili hivi. Maji hayo machache ndiyo mlango kati ya nyumba na majitaka. Bafu likitumika, mlango huo hujazwa kila siku. Lisipotumika, maji hukauka baada ya majuma kadhaa, na hapo harufu hupanda, na mende nao hupata njia. Watu wengi husema bafu lao linanuka kwa sababu ni chafu, wakalisugua kwa dawa, kumbe linanuka kwa sababu ni kavu. Fundi wa pupa hulifunika tundu kwa kigae na kuendelea. Fundi mvumilivu hulisafisha, akaingiza kizibo cha kuzungushwa ndani ya bomba lenyewe, chini ya usawa wa kigae, kisha akafunika juu. Bomba pana la choo hulifunga vivyo hivyo baada ya kulegeza bakuli na kulitoa zima. Hatumii saruji ndani ya bomba, kwa sababu anamfikiria mtu atakayekuja baadaye: huenda maji yakaja kwa wingi siku moja, huenda nyumba ikauzwa, na mwenyewe akataka bafu lake.

Liko pia bomba moja asiloligusa kamwe: lile linalopanda hadi juu ya paa. Asiyejua huliona halina kazi tena, akaliziba. Bomba hilo ndilo pumzi ya vyoo vingine vya nyumba. Ukiliziba, choo kilichobaki kikivutwa kitafyonza maji ya mitego mingine, na harufu uliyoifukuza chumbani itatokea jikoni. Fundi hulizungushia kabati lake, likapoteza inchi nne za nafasi, naye hasikitiki.

Halafu umeme. Mabafu mengi yana shawa ya umeme, na shawa hiyo hulishwa na waya mnene unaobeba nguvu nyingi. Kuing'oa shawa na kufunga ncha za waya kwa utepe ni hatari iliyovikwa nguo. Fundi stima huutoa waya huo kwenye boksi la swichi za nyumba, ili ndani ya ukuta usibaki na uhai wowote. Taa ya darini huachwa, maana bila mwanga mtu hutoka na soksi mbili za rangi tofauti.

Sasa ndiyo zamu ya mbao, na kipimo. Mafundi wetu hupima kwa futi. Chukua bafu la futi nne kwa sita. Henga lenye koti linahitaji kina cha futi mbili ili mabega yasikwaruze mlango. Kabati la kina hicho kwenye ukuta mrefu linaacha futi mbili za kusimama, yaani inatosha mtu mmoja kugeuka na kuvaa. Lakini mlango wa bafu kwa kawaida hufunguka kwa ndani, na ungekula nafasi hiyo yote. Fundi huung'oa, akahamisha bawaba na kuugeuza ufunguke nje, au huuondoa kabisa akaweka pazia. Baadaye humwambia mwenye nyumba: "Mama, niletee rinda lako refu kuliko yote, na koti la mzee." Hupima vitu vyenyewe. Rinda refu na kanzu vinataka futi tano na zaidi. Mashati yanaridhika na futi tatu na nusu, hivyo fimbo mbili zinaweza kupangwa moja juu ya nyingine. Leso na vitenge vilivyokunjwa vinataka rafu zilizoachana kwa futi moja, maana rundo refu zaidi ya hapo huporomoka kila unapovuta cha chini.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyozishughulikia sakafu na kuta. Sakafu ya bafu imeteremka makusudi, pengine inchi moja kutoka mlangoni hadi kwenye tundu. Kabati likisimamishwa juu yake hivi hivi, milango itajifungua yenyewe na droo zitateleza. Fundi huunda kitako cha mbao ngumu chenye kimo cha inchi nne hivi, akakikata upande wa chini kwa mshazari unaofuata mteremko, ili upande wa juu ulale sawa kabisa. Huweka pimamaji, akatazama kile kipovu, akakitoa kitako, akakipiga randa kidogo, akakirudisha. Kitako hicho hakitengenezwi kwa MDF, kwa kuwa sakafu itapigwa deki, na MDF ikinywa maji huvimba na haishuki tena. Hukipaka rangi hadi chini, mahali ambapo hakuna atakayeinama kutazama.

Ukuta nao haujanyooka. Vigae vilibandikwa na mtu aliyekuwa na haraka, kimoja kimetokeza, kingine kimezama. Fundi husimamisha ubao wa pembeni wa kabati dhidi ya ukuta: juu umegusa, katikati pana upenyo wa kidole. Hauzibi kwa silikoni. Huchukua kipande kidogo cha mbao chenye upana wa upenyo ule mkubwa, akakishika pamoja na penseli, akakiteremsha polepole ukutani kutoka juu hadi chini. Penseli inaandika juu ya ubao kila kilima na kila bonde la ukuta. Kisha hukata nje kidogo ya mstari, akamalizia kwa randa na msasa, akijaribu, akitoa, akijaribu tena, kama mshonaji anavyorekebisha kwapa la shati hadi mkono uingie bila kubana. Ubao unapokaa, mstari kati ya mbao na kigae ni mwembamba kuliko ukucha.

Mgongo wa kabati hauugusi ukuta. Mwezi wa Julai Nairobi ni baridi, vigae hupoa, na hewa ya nyumba ikivigusa huacha unyevu. Kabati lililogandamizwa ukutani hupata ukungu mweusi kwenye kola za suti. Basi hupigilia vipande vyembamba vya mbao ukutani, kabati likaachana na vigae kwa inchi moja, akaacha nafasi chini na juu ili hewa ipande. Dirisha la luva halifungwi. Huwekewa wavu wa kuzuia mbu na kitambaa chepesi cha kuzuia jua lisichujue rangi za nguo. Anapotoboa kigae hubandika utepe wa karatasi kwanza, ncha ya drili isiteleze, na huenda bila kugonga hadi apite ule ung'avu wa juu. Kigae kimoja kikipasuka hakuna kingine cha kufanana nacho, maana aina hiyo iliacha kuuzwa zamani.

Mbao ni bei. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, saipresi ilipanda, na tangu hapo fundi huhesabu kila futi. Wenye busara hutumia blokbodi kwa rafu, mbao nzima kwa kitako na fimbo, na wakipata kipande cha mtarakwa hukiweka kati ya nguo za sufu. Mti huo wa nyanda zetu za juu, uliowahi kuchongwa penseli, una harufu isiyopendwa na nondo.

Anayekaa nyumba ya kupanga naye ana njia: asing'oe kitu bila idhini ya mwenye nyumba, afungiwe maji, mitego izibwe kwa vizibo vya kutolewa, na kabati liwe la kusimama lenyewe, atakalolipakia kwenye pikapu siku ya kuhama.

Kwa hiyo unapomtafuta fundi, Gikomba au Kariobangi Light Industries au kwa jirani aliyefanyiwa kazi, msikilize anaanzia wapi. Anayeanza na rangi ya milango na vishikio vinavyong'aa, mshukuru na umwache aende zake. Ukimpata anayeanza kwa kupiga magoti na kulichungulia tundu la sakafu, usimbanie siku anazoomba. Nyingi kati yake atazitumia mahali ambapo macho yako hayatafika, na ni kazi ya siku hizo itakayozilinda nguo zako.