Mahali katika Sauti: Uhakiki wa Fani ya Kipindi cha Simu katika Redio WNYC ya Jiji la New York

Istilahi "redio ya umma" ina utata katika Kiswahili. Kwa mazoea ya Tanzania, shirika la umma ni shirika linalomilikiwa na dola. Hivyo msomaji akutanapo na istilahi hiyo huelekea kufikiria kituo cha serikali, kinachosomwa taarifa kwa niaba ya serikali. Nchini Marekani istilahi hiyohiyo hutaja kituo kisichoendeshwa kibiashara, ambacho aghalabu humilikiwa na chuo kikuu au taasisi isiyotafuta faida na kutegemea kwa sehemu kubwa michango ya wasikilizaji. WNYC inafaa kuhakikiwa kwa sababu imepitia maana zote mbili. Kuanzia Julai 1924 hadi Januari 1997 ilikuwa mali ya serikali ya Jiji la New York. Tangu hapo imekuwa mikononi mwa taasisi huru. Je, umma unaozungumziwa ulibadilika siku umiliki ulipobadilika?

Tafiti nyingi za vyombo vya habari hujibu swali la aina hii kwa kuangalia hati za umiliki na vyanzo vya fedha. Jibu hilo ni la lazima lakini halitoshi. Uhakiki huu unashikilia kwamba umma wa redio ya jiji hujengwa pia na fani: namna mtangazaji anavyomwita msikilizaji, namna msikilizaji anavyojibu, na mahali jibu hilo linapotokea. Mulokozi (1989) ameielezea fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita, yaani fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Redio huhifadhi matano kati ya hayo kwa wepesi. Lile la sita, mahali, ndilo linaloyeyuka. Fanani yumo studioni, hadhira imetawanyika jikoni, garini na kazini, wala hakuna uwanja unaowaunganisha. Ong (1982) aliyataja mazingira haya kuwa usimulizi mpya unaoegemea maandishi na mitambo, lakini hakuzama sana katika suala la mahali, na ni suala hilohilo linaloitofautisha redio ya jiji na redio ya taifa. Redio ya taifa inaweza kuishi bila mahali. Redio ya jiji ikipoteza mahali imepoteza sababu ya kuwapo.

Meya na kipaza sauti

Kituo kilianzishwa kwa juhudi za Grover Whalen, kamishna wa jiji, na kilirusha matangazo kutoka katika Jengo la Manispaa, Manhattan. Haikuchukua muda kabla ya kipaza sauti kugeuka silaha. Meya John Hylan alikitumia kituo kuwashambulia wapinzani wake, akashtakiwa mwaka 1925, na mahakama ikamzuia. Mgogoro huo huchukuliwa kuwa wa kisheria, lakini kiini chake ni cha kifani vilevile: mwenye mamlaka alikuwa fanani pekee, na aliyekuwa akilipa kodi ya kumwendesha hakuwa na pa kujibia.

Fiorello La Guardia, aliyeingia madarakani mwaka 1934, alikuwa fanani wa aina nyingine. Wakati wa mgomo wa wasambazaji wa magazeti mwezi Julai 1945, alikaa mbele ya kipaza sauti akawasomea watoto hadithi za katuni ambazo magazeti hayakuweza kuwafikishia. Tukio hilo limekuwa kama ngano ya asili ya kituo. Kwa vigezo vya utendaji linastahili sifa zake: meya aligeuza sauti, aliigiza wahusika, alieleza picha ambazo hadhira haikuziona, na alitumia vema wakati wa dharura ambao jiji zima lilikuwa likiuishi. Hata hivyo wanaolitaja kuwa kielelezo cha redio ya umma wanalitukuza kupita kiasi. Hadhira ya siku ile ilikuwa ya watoto kwa tamko la fanani mwenyewe, na watu wazima waliokuwa wakisikiliza waliingizwa katika nafasi hiyohiyo ya kutulia na kusimuliwa. Brecht (1932) alikwisha kulalamika kwamba redio ni chombo cha kugawa tu, kinachojua kumsemesha msikilizaji na kisichojua kumsikia. Usomaji wa katuni ni ugawaji wenye mapenzi, lakini ni ugawaji.

Ni kweli pia kwamba umiliki wa serikali haukuifunga midomo yote. Mwaka 1945 Oscar Brand alianza kipindi chake cha nyimbo za kijadi, akakiendesha hadi kifo chake mwaka 2016, bila kulipwa. Jina lake lilitiwa katika orodha ya *Red Channels* mwaka 1950, katika msimu ambao wasanii wengi walioshukiwa kuwa na siasa za mrengo wa kushoto walifungiwa milango na vituo vya kibiashara. Kipindi chake, ndani ya kituo cha serikali ya jiji, kilibaki kuwa mlango ulioachwa wazi kwa baadhi yao. Anayedai kwamba umma ulizaliwa 1997, serikali ilipojitoa, hana budi kwanza kulieleza jambo hili. Ukweli kwamba Brand hakulipwa si habari ya pembeni: asiyekuwa kwenye orodha ya mishahara ni vigumu kumwamuru.

Mauzo yenyewe yasimuliwe kwa ufupi. Mwaka 1995 utawala wa Meya Rudolph Giuliani ulikubali kuziuza leseni za AM na FM kwa taasisi ya kituo kwa dola milioni 20, zilipwe kwa miaka sita. Kituo cha televisheni cha jiji kiliuzwa kwa kampuni za kibiashara kwa dola milioni 207. Tofauti ya bei hizo mbili inaonyesha kwamba redio haikuuzwa kwa thamani ya soko, na kwamba jiji, hata lilipokuwa likijitoa, lilikiri kwa vitendo kuwa wasikilizaji walikuwa na haki fulani juu ya kitu ambacho kisheria hakikuwa chao.

Kipindi cha simu kama utanzu

Kilele cha fani ya kituo hiki ni kipindi cha asubuhi cha Brian Lehrer, kilichoanza mwaka 1989 na kurushwa siku za kazi kuanzia saa nne hadi saa sita mchana. Muundo wake ni mwepesi mno kiasi kwamba mhakiki anaweza kuupita bila kuuona. Mgeni hutambulishwa, mada hutajwa, simu hupokelewa. Kila mpiga simu huingizwa hewani kwa jina la kwanza na mtaa wake: fulani wa Flatbush, fulani wa Jackson Heights, fulani wa Washington Heights. Jina la ukoo halitajwi, wala kazi, isipokuwa pale kazi inapohusika na mada.

Fomula hii ndiyo inayorejesha lile jambo la sita. Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyekulia katika vipindi vya kadi za salamu ataitambua mara moja, kwa kuwa humo pia jina halikutajwa bila mahali. Lakini uamilifu wake ni tofauti. Katika salamu, mahali humsaidia anayesalimiwa ajijue kuwa ni yeye na si mwingine mwenye jina kama lake. Katika kipindi cha Lehrer, mahali ni dhamana ya ushahidi. Msemaji wa Flatbush akizungumzia kodi ya nyumba huko Flatbush huchukuliwa kuwa shahidi. Akizungumzia Staten Island huwa ni mwenye maoni tu. Kwa njia hii ramani ya jiji hugeuka kuwa mpangilio wa mamlaka ya kusema, na mamlaka hayo hayatokani na elimu wala cheo. Mgeni mtaalamu, ambaye mara nyingi hutambulishwa kwa kitabu chake au taasisi yake na bila mtaa, hujikuta kwa muda mfupi akiwa ndiye asiye na kwao.

Mwaka 2007 kipindi kilipeleka fomula hiyo mbele zaidi. Wasikilizaji waliombwa kuhesabu magari makubwa ya kifahari yaliyoegeshwa katika mtaa wao, na katika zoezi jingine kuripoti bei ya maziwa, saladi na bia katika duka lililo karibu nao. Mazoezi hayo husifiwa katika taaluma ya uanahabari kama mfano wa mapema wa kukusanya data kwa msaada wa umati. Sifa hiyo ni ya haki, ila haigusi jambo la kuvutia zaidi. Bei ya maziwa ni maudhui duni kabisa. Hakuna mshairi angeitungia beti. Inaposomwa mtaa baada ya mtaa, hata hivyo, hupata mdundo wa orodha, na msikilizaji huanza kuupima mtaa wake kwa mtaa wa jirani, akisikia tofauti za kitabaka ambazo ripoti ya mwanauchumi ingezieleza kwa jedwali. Fani imezalisha maudhui ambayo hakuna mpiga simu hata mmoja aliyeyatamka.

Kipengele kingine ni mwaliko. Lehrer hualika simu kwa kulitaja kundi: walimu wanaosikiliza, madereva wa teksi, wapangaji waliopandishiwa kodi mwaka huu. Habermas (1962) aliuwazia uwanja wa umma kama mahali ambapo watu huweka kando hadhi zao ili hoja pekee ishindane. Mwaliko wa Lehrer hufanya kinyume: humtaka msemaji aingie na hali yake ya maisha mkononi. Wahakiki wenye mwelekeo wa Habermas wangeliona hili kuwa upungufu. Ushahidi wa kipindi unaonyesha kwamba ni nguvu, kwa kuwa mwaliko mpana huwaleta wale waliozoea kusema, ilhali mwaliko finyu humfanya mtu asiyejiona kuwa na maoni atambue kwamba ana jambo analolijua.

Nguvu hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe ni ya kifani. Katika utawala wa Bill de Blasio, meya alihudhuria kipindi kila Ijumaa kujibu maswali. Kwa juu juu, hapa ndipo deni la Hylan na La Guardia lilipolipwa: meya yuleyule wa jiji lilelile mbele ya kipaza sauti kilekile, safari hii akisikiliza. Tatizo hujitokeza katika namna mazungumzo yalivyofungwa. Mpiga simu mwenye kero mahususi mara nyingi aliombwa aache mawasiliano yake ili maofisa wa jiji wamfuatilie. Ni jibu la huruma, na huenda lilimsaidia mhusika, lakini hulibadilisha swali la wengi kuwa ombi la mmoja. Raia aliyeingia kama shahidi wa mtaa hutoka kama mlalamikaji katika baraza la mkubwa, na wengine wa mtaa huohuo, wenye kero ileile lakini wasiofanikiwa kupata laini, hubaki walivyokuwa.

Swali la nani hupata laini halikwepeki. Kipindi ni cha Kiingereza katika jiji ambalo sensa ya 2020 ililihesabia watu zaidi ya milioni 8.8, wengi wao wakizungumza lugha nyingine nyumbani. Saa nne asubuhi ya siku ya kazi haimwachii kila mtu nafasi ya kusubiri simuni. Mradi wa *Radio Rookies*, ulioanzishwa na kituo mwaka 1999 ili vijana wa jiji waandae simulizi zao wenyewe, ni kukiri kwamba fomula ya jina na mtaa haikuwa ikiwafikia wote. Kisha kuna majuma ya kuchangisha, ambapo vipindi hukatizwa na watangazaji kuwasihi wasikilizaji watoe. Fani ya majuma hayo inafanana na mchango wa harusi zaidi kuliko tangazo la biashara: hakuna anayelazimishwa, lakini kila asiyetoa hufanywa ajue kwamba amekula ubwabwa wa watu. Mpiga simu haulizwi kama amechangia. Lakini anayesikiliza siku nyingi hawezi kukosa kutambua ni hadhira ya kipato gani inayosihiwa.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Julai 2025, Bunge la Marekani lilipofuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa utangazaji wa umma. Vituo vya miji mikubwa kama WNYC vina wachangiaji wengi na vinaweza kustahimili kuliko vile vya vijijini. Gharama ya ustahimilivu huo ni kuwaegemea zaidi walewale wenye uwezo wa kutoa.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 mtambo wa FM wa kituo, uliokuwa juu ya World Trade Center, uliteketea pamoja na jengo. Matangazo yaliendelea kwa AM. Studio zilikuwa umbali mfupi tu kutoka eneo la tukio, na kwa siku hiyo fanani, hadhira na tukio vilikuwa mahali pamoja kwa maana halisi ya neno. Rekodi za siku kama hiyo zimehifadhiwa na zinaweza kuchunguzwa. Zisizoweza kuchunguzwa ni simu ambazo hazikuingia hewani, siku hiyo na siku nyingine zote. Kati ya mpiga simu na mtangazaji yupo mchujaji, anayemuuliza kila mtu jina, mtaa na anachotaka kusema, kisha huamua. Yeye ndiye mhakiki wa kwanza wa utanzu huu, na maamuzi yake hayaachi maandishi.