Uyoga wa Elisi na Insha Niliyoikata

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, hapa Kampala, aliandika insha juu ya uyoga uliochipuka usiku kwenye kichuguu. Bibi mmoja akauchemsha, akanywa mchuzi wake, akaanza kusikia maneno ya wafu. Niliipiga insha hiyo mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Uongo." Muhula huo huo nilikuwa nikilisifia darasa kitabu cha Lewis Carroll, ambamo msichana anatafuna uyoga akarefuka kuliko miti!

Kitabu hicho, kilichotoka Uingereza mwaka 1865, kimetafsiriwa kwa Kiswahili mara mbili. Mwaka 1940 kilitoka kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ilimpa Elisi sura ya msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitupa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Ndugu walimu, yafaa tujiulize kwa nini uyoga ule unasadikika. Nionavyo mimi, ni kwa sababu una sheria. Upande mmoja hurefusha, upande wa pili hufupisha, na kiwavi aliyeukalia hasemi ni upi. Msichana anamega huku na huku, anajaribu, anakosea: mara kidevu chagonga mguu, mara shingo yapenya juu ya majani hata njiwa amdhanie nyoka. Ndipo anajifunza kupima, kidogo huku na kidogo kule, mpaka arudie kimo chake. Kipande kinachobaki anakitia mfukoni, na baadaye kinamsaidia kuupita mlango mdogo wa bustani. Huo ni uganga wenye kipimo. Dawa iwezayo kila jambo huua hadithi, kwani mhusika hana tena la kuhangaikia.

Lakini nina neno na Carroll. Alipokuta chupa mwanzoni, msichana aliitazama kwanza kama imeandikwa sumu. Mbele ya uyoga hakujiuliza swali hilo, ilhali uyoga ndio wenye sumu wa kweli, na hauna karatasi ya maelezo. Mtoto wa kwetu, aliyefundishwa na nyanya yake kuchagua uyoga wa kuliwa, huona kasoro hiyo upesi kuliko mhakiki.

Tena kuna Buganda yenyewe. Hapa upo ukoo wa Butiko, yaani uyoga, na huo ndio muziro wao, mwiko usioliwa. Mtoto wa ukoo huo akimwona Elisi mwenye sura kama yake akitafuna uyoga, hasomi tena mchezo wa vimo. Anasoma mtu anayevunja mwiko. Tafsiri haikukosea, ila maudhui yamepata uzito ambao mwandishi hakuuweka. Sijaona mwongozo wa mwalimu unaoligusa jambo hili, nami nadhani ndilo la kuanzia somo.

Shaaban Robert, katika Kufikirika kilichochapishwa mwaka 1967, alikwenda njia nyingine. Mfalme asiye na mtoto anawaita waganga wa mizizi, wa makafara na wa hirizi, na dawa zao zinashindwa. Kwake uganga unahojiwa kama shahidi barazani, hali kwa Carroll unatumiwa tu bila maelezo. Mwanafunzi apewe vyote viwili.

Na kichuguu cha insha ile hakikuwa cha kubuni. Uyoga wa vichuguu hulimwa na mchwa wenyewe: hukusanya majani makavu na vipande vya miti, wakaotesha kuvu ndani ya kiota, na mvua ikinyesha uyoga huchomoza juu.

Nimeirudia insha hiyo kichwani mara nyingi. Bibi aliruhusiwa vijiko vitatu vya mchuzi, naye alionywa asiguse cha nne. Sheria ilikuwamo katika ukurasa wa pili, nami nilikuwa nimeweka mstari wangu mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza.