Wazazi wa Katuni na Wazazi wa Ngano

Mnamo Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya, chini ya mtendaji wake mkuu Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku katuni 6 kwa madai kwamba zilitukuza ushoga na kubomoa maadili ya familia. Mojawapo ni *The Loud House*: nyumba ya watoto 11 (idadi isiyomshtua mtu wa Bungoma) pamoja na rafiki yao Clyde, aliye na baba wawili. Usomaji huo uliwahesabu wazazi bila kuyachunguza matendo yao. Baba hao humwangalia mwana wao kwa uangalifu uliopita kiasi. Katika baadhi ya ngano zinazosimuliwa Bungoma na Kitale, mama wa kambo humlaza mtoto njaa huku baba akinyamaza. Hatujasikia zikiombewa marufuku.