Hongera, Watani wa Jadi

Naupongeza utani wa Kariakoo, kati ya klabu za soka za Yanga na Simba, na wanaoutunza vijiweni kwenye kahawa. Yanga ilianza mwaka 1935. Jina lake ni Young Africans lililolainishwa na ulimi wa Kiswahili, na nadhani limekuwa tamu zaidi hivyo. Simba ilizaliwa mwaka uliofuata, ikaitwa Queens, baadaye Sunderland, mpaka 1971 ilipojipatia jina la mnyama. Majina mengine yametoka mitaani: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Watoto wa Jangwani.

Na yale ya kuudhi? Yanga huitwa Utopolo, Simba huitwa Makolo. Hakuna mwenye klabu aliyeyachagua, lakini yameganda. Mei 2012 Simba ilishinda 5-0, na kiganja kilichofunuliwa kikawa salamu tosha kwa Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga. Novemba 2023 Yanga ikajibu 5-1, kiganja kikahamia Jangwani. Mtani hanuni, maana anajua zamu yake itafika. Nimeona jirani akitaniwa hivyo asubuhi nzima, kisha mtani wake akamlipia kahawa, wakaendelea kubishana kuhusu penalti.