Neli ya Majaribio na Lugha ya Mtahini: Uhakiki wa Kemia ya Kidato cha Sita kutoka Mbuya, Kampala

Mijadala yetu kuhusu Kiswahili na sayansi huanza karibu kila mara na istilahi: tuite nini elektroni, tuite nini kichocheo. Makala haya yanadai kwamba, kwa kemia ya kidato cha tano na cha sita nchini Uganda, tatizo kubwa haliko kwenye nomino. Liko kwenye vitenzi na vivumishi ambavyo mwanafunzi huvitumia kueleza alichokiona, na hapo ndipo alama zinapopotelea.

Mbuya, katika tarafa ya Nakawa, ni mahali pafaapo kuliangalia jambo hili. Kampala huzungumza Kiluganda, lakini kilima hiki kina makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, kambi na hospitali ya jeshi, na Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu enzi za King's African Rifles. Mtoto aliyelelewa katika nyumba za wanajeshi anaweza kuwa na Kiswahili kama lugha ya ukoo na ya mchezo. Huyu si mwanafunzi wa kubuni kwa ajili ya hoja. Ni yule ambaye sera zetu za lugha hudai kumtetea.

Tumfuate hadi kwenye karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, katika mtihani wa UACE unaotolewa na UNEB. Katika swali la uchanganuzi hupewa chumvi asiyoijua na jedwali la safu tatu: jaribio, uchunguzi, hitimisho. Safu ya kwanza imejazwa. Mbili zilizobaki ni zake, naye huzijaza kwa Kiingereza. Anamimina haidroksaidi ya sodiamu tone kwa tone. Yanatokea mashapo meupe. Anaongeza kiasi cha ziada. Mashapo yanatoweka, kinabaki kimiminika kisicho na rangi. Hapo anaruhusiwa kushuku ioni za alumini, zinki au risasi. (Neno risasi halihitaji ufafanuzi karibu na kambi, ingawa maana inayotangulia kichwani si ile ya kemia.) Jaribio la pili kwa amonia linatenga: mashapo ya zinki hutoweka katika amonia ya ziada, ya alumini na ya risasi hubaki.

Sasa tusikilize lugha. Kwa Kiswahili cha nyumbani barafu huyeyuka, siagi huyeyuka, na sukari huyeyuka ndani ya chai. Kitenzi kimoja kinabeba matukio mawili ambayo mkemia lazima ayatenganishe: kigumu kinachogeuka kimiminika kwa joto, na kigumu kinachopotea ndani ya kimiminika kingine. Waandishi wetu wameleta "mumunyika" na "mmumunyo", lakini "myeyusho" nao bado unatumika vitabuni, na mizizi yake ni ileile. Tatizo la rangi ni baya zaidi. Watu wengi husema "maji meupe" kwa maji maangavu. Mwanafunzi akiihamisha kauli hiyo katika Kiingereza cha jedwali, ameandika kwamba kimiminika ni cheupe, na mtahini hana sababu ya kumpa alama. Macho yake hayakukosea. Na kwa kuwa hitimisho husimama juu ya uchunguzi, kosa moja la kivumishi linaweza kuangusha safu mbili.

Gharama yake inahesabika. Kwa utaratibu wa uzani uliotumika kwa miaka mingi katika vyuo vikuu vya umma, daraja A lina pointi 6 na B lina 5, na somo la lazima huzidishwa kwa 3. Kwa anayeomba udaktari, kemia ni somo la lazima. Hivyo kushuka kutoka A hadi B kunamnyima pointi 3. Hizo ni maradufu ya pointi 1.5 ambazo Makerere ilianza kuwaongezea wasichana mwaka 1990, hatua iliyozua ubishi wa miaka.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni kazi ya heshima, na sikusudii kuibeza. Lakini ni kamusi ambayo haijawahi kuwa na mtahiniwa: hata Tanzania, ilikozaliwa, sekondari husomeshwa kwa Kiingereza. Imeshughulikia majina ya vitu, kama kamusi za istilahi zifanyavyo. Haikutakiwa kumwambia mtu aseme vipi kwamba kijani kibichi kimegeuka kahawia baada ya kukaa hewani.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni Kiingereza bora. Kwa mtahiniwa wa mwaka huu, huenda ni kweli. Lakini mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unadai stadi badala ya kukariri, na mtaala wa kidato cha tano na cha sita umeanza kulinganishwa nao. Kadiri jedwali linavyopokea fomula za maneno zilizozoeleka pekee, anayekariri fomula bila kuitazama neli atamshinda aliyeitazama. NCDC na UNEB hazihitaji kutafsiri mtihani. Zinahitaji mwongozo mfupi kwa walimu, wa kurasa chache tu, unaoweka bayana vitenzi na rangi za uchunguzi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiluganda, na uanze na "kuyeyuka" na "nyeupe".